Supavaiza mpya wa zamu: shikamoo, daftari na hesabu ya ovataimu

Viwandani, supavaiza hupatikana kwa njia ileile karibu kila mahali. Opereta hodari kuliko wenzake anaitwa ofisini Ijumaa, Jumatatu anaonekana na koti la rangi nyingine. Kati ya siku hizo hakuna aliyemfundisha chochote. Anaijua mashine kwa mlio wake, anajua ni boliti gani hulegea joto likipanda, lakini kazi aliyopewa si ya mashine tena. Ni kazi ya watu 15, karatasi nne na saa nane. Akishindwa, kiwanda kinapoteza watu wawili kwa mpigo: opereta mzuri aliyeondolewa kwenye mashine, na msimamizi aliyetupwa majini bila kuonyeshwa kuogelea.

Naandika kuhusu zamu ya kiwanda cha Tanzania, tuseme laini ya kujaza chupa, kwa sababu hapo ndipo ilipo ngazi ya kwanza ya uongozi kwa vijana wengi wasio na shahada. Aliyeko kwenye ghala, hoteli au dobi kubwa atabadilisha majina ya vitu tu. Kanuni hazibadiliki sana.

Kabla hujasema ndiyo

Omba barua. Usione aibu, wala usiogope kuonekana huna shukrani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri akupe maelezo ya kazi yako kwa maandishi, na yakibadilika ayarekebishe kwa kushauriana nawe na akujulishe kwa maandishi. Kupandishwa cheo ni badiliko. Barua iseme cheo, tarehe ya kuanza, mshahara wa msingi mpya, unaripoti kwa nani, na muda wa matazamio kama upo. Kuna jambo moja ambalo karibu kila mtu husahau kuliuliza: nisipothibitishwa, nitarudi kwenye nafasi yangu ya zamani au nitakuwa sina kazi? Liulize siku hiyo hiyo, maana miezi sita baadaye jibu litategemea hasira za mtu.

Kukaimu ndiko kunakoumiza zaidi. Meneja anakwambia "shikilia hapo kwanza," unashikilia mwaka mzima kwa mshahara wa opereta. Ukiombwa kukaimu, kubali, ni mlango mzuri, ila andika barua pepe fupi au hata ujumbe wa simu siku hiyo: "Nathibitisha kuwa kuanzia tarehe fulani nimeombwa kukaimu usupavaiza wa laini ya 2. Naomba kujua mwisho wa kukaimu na posho yake." Mistari miwili inatosha. Ina adabu, na ina tarehe.

Halafu piga hesabu ya ovataimu, kwa sababu cheo kinaweza kukupunguzia kipato. Kifungu cha 17 cha sheria hiyo kinasema masharti ya saa za kazi hayamhusu mfanyakazi anayesimamia wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa mtu wa menejimenti ya juu. Kwa hiyo lile swali la unaripoti kwa nani ni swali la pesa. Chukua opereta mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 400,000 kwa mwezi. Gawa kwa 4.333, yaani wastani wa wiki za mwezi, upate wa wiki, takriban 92,300. Gawa kwa saa 45 za kawaida, unapata kama 2,050 kwa saa. Ovataimu ni mara moja na nusu, yaani kama 3,080. Akiwa amezoea saa 40 za ziada kwa mwezi, analipwa zaidi ya 123,000 juu ya mshahara. Sasa anapewa cheo, anaongezewa 100,000, na ovataimu inafutwa. Amepanda cheo akashuka kipato, naye ataligundua hilo mwisho wa mwezi akiwa dirishani kwa mhasibu. Bado kunaweza kuwa na sababu ya kukubali, lakini ukubali ukijua, au utumie hesabu hiyohiyo kuomba nyongeza ya kweli.

Wenzako wa jana

Neno la zamani la msimamizi wa watu ni nyapara. Katika misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda Unyamwezi na Ujiji, mnyampara alisimamia kundi la wapagazi, na kirangozi alitangulia mbele akionyesha njia. Leo nyapara ni neno la gerezani. Ukisikia vijana wanakuita hivyo nyuma ya mgongo, chukulia kama taarifa: wanakuona umesimama tu, unahesabu vichwa.

Kikao cha kwanza na kundi lako kisizidi dakika kumi. Usiahidi mishahara, ovataimu wala ajira za kudumu. Huna mamlaka navyo. Sema mambo matatu unayoyaweza: rosta itabandikwa siku fulani na haitabadilishwa kwa simu ya usiku, atakayekosea ataambiwa pembeni na si mbele ya watu, na tatizo lolote la mashine likiripotiwa halitageuzwa kuwa kesi. Kisha uyatimize. Watu watakupima kwa hilo la rosta kabla ya yote.

Cheo hakifuti shikamoo. Kijana wa miaka 27 anayesimamia mzee wa miaka 52 aendelee kumwamkia kama alivyomwamkia jana, na maelekezo yaje baada ya salamu: "Mzee, shikamoo. Leo naomba uanze na mashine ya vizibo, yule kijana mpya awe karibu yako aone unavyoiseti." Hapo umetoa amri kamili, yenye mahali, kazi na sababu, na hakuna aliyevunjiwa heshima. Kinachoharibu ni kuacha salamu ili uonekane bosi. Kosa la upande wa pili ni kumwonea haya mzee hadi akosee mara tatu bila kuambiwa. Heshima ni kumwambia mapema, ukiwa naye peke yake, kwa sauti ya chini.

Kuna yule aliyekitaka cheo hicho akakikosa. Mfuate ndani ya wiki ya kwanza kabla maneno hayajaanza kuzunguka. Usimbembeleze wala usijifanye hujui. Mwambie unajua naye alikuwa anastahili, kisha mpe kazi yenye uzito wa kweli: kufundisha wapya, au kukushikia zamu siku yako ya mapumziko. Wengi hutulia. Asiyetulia, angalau umemweka mahali ambapo kazi yake inaonekana na inapimwa.

Marafiki nao wana mambo yao. Mmeazimana, mmechangiana misiba, mmo kwenye mchezo mmoja. Endelea na misiba, endelea na michango. Toka kwenye kushika pesa za mchezo, na usimkopeshe wala kumkopa mtu unayempanga zamu. Siku utakayompanga usiku, deni hilo litasemwa.

Na vibarua. Wanaosimama getini alfajiri wakisubiri kuitwa ndio wanaoonewa kuliko wote, na mwenye kuita majina ni wewe. Mtindo wa kibarua kumwachia supavaiza elfu mbili kila siku anayoitwa upo, na kila mtu anaujua. Ni rushwa. Kudai penzi ili umpe mtu kazi ni kosa la jinai kwa jina lake, kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Zaidi ya sheria, fikiria zamu inavyokwenda baada ya hapo: aliyekulipa hawezi kurekebishwa, na aliyekataa kukulipa anajua siri yako. Anzisha orodha ya majina yenye namba, ita kwa mzunguko, ibandike ukutani. Ikibidi kumruka mtu, andika sababu mbele ya jina lake.

Saa nane za zamu

Zamu za kawaida ni tatu: saa 12 asubuhi hadi saa 8 mchana, saa 8 mchana hadi saa 4 usiku, saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi. Supavaiza wa asubuhi awe sakafuni saa 11 na nusu alfajiri. Nusu saa hiyo ndiyo yenye thamani kuliko zote za siku.

Makabidhiano yafanyike kwa miguu, mkitembea laini pamoja kutoka mwanzo hadi mwisho, si ofisini wala kwenye WhatsApp. Unataka kujua oda gani inaendelea na imebaki kiasi gani. Chupa, vizibo na lebo zilizopo kwenye laini zitatosha saa ngapi. Nani ameumia au ameondoka mapema. Bidhaa mbovu zimewekwa wapi na kwa nini. Zaidi ya yote, unataka kujua nini kimetengenezwa kwa muda. Zamu ya usiku hufunga kitu kwa waya, huizima sensa inayosumbua, huinua kinga ya mashine ili mkono ufike. Inafanya kazi hadi asubuhi, halafu mtu wako anaingiza mkono akidhani kinga ipo. Ajali ya mwanzo wa zamu inaweza kutokana na kitu cha namna hiyo ambacho hakikusemwa. Usiulize "kuna tatizo?" maana jibu ni "hamna, kila kitu sawa," mtu anataka kwenda kulala. Uliza: "Mashine ipi imekusumbua zaidi usiku huu, na mmeifanyaje?" Swali hilo halijibiwi kwa sawa. Mkimaliza, wote wawili mtie saini daftarini.

Baada ya hapo unakusanya watu dakika tano, saba zikizidi. Wasimame mahali pasipo na kelele. Namba moja ya jana, lengo la leo, hatari moja ya leo, nani yuko wapi. Basi. Kikao hicho kikigeuka cha kusema waliochelewa, kesho yake watu watakuja dakika saba baada ya kengele.

Ili ujue nani awe wapi, unahitaji jedwali moja la ujuzi. Majina yashuke upande wa kushoto, mashine zipite juu. Kila mraba weka namba: 0 hajui, 1 anajifunza, 2 anaendesha peke yake, 3 anaweza kumfundisha mwingine. Kila mashine iwe na watu watatu wenye 2 kwenda juu, angalau mmoja wao awe na 3. Kwa watu 15, kukosekana wawili kwa siku ni jambo la kutarajia: mmoja ana homa, mwingine amefiwa. Ukiona mashine yenye mtu mmoja tu mwenye 2, hapo ndipo zamu yako itakaposimama, na hapo ndipo pa kuanzia mafunzo. Wasimamizi wengi hufanya kinyume, wanampanga yuleyule kwenye mashine ileile miaka mitatu kwa sababu anaiweza, kisha anapokwenda likizo yake ya siku 28 wanashangaa.

Lengo la zamu usilipokee bila kulihesabu. Laini inajaza chupa 40 kwa dakika, yaani 2,400 kwa saa. Katoni ina chupa 12, kwa hiyo ni katoni 200 kwa saa. Ofisini watazidisha kwa saa nane, wakuandikie 1,600. Lakini aliyefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo anastahili mapumziko ya dakika 60, na kuwasha, kuseti na kusafisha kunakula nusu saa nyingine. Zimebaki saa sita na nusu: katoni 1,300, hapo mashine haijasimama hata mara moja. Tofauti ya katoni 300 si uvivu wa watu wako. Peleka hesabu hiyo kwa meneja wa uzalishaji siku ya kwanza, kwa karatasi, kwa utulivu. Akikubali 1,300, una lengo unaloweza kulisimamia. Akiamua kupishanisha watu wakati wa chakula ili laini isisimame, basi atajua anahitaji watu wangapi wa ziada. Ukinyamaza, utaanza kila siku ukiwa umeshindwa, na njia ya mkato itakayokujia kichwani itakuwa kuwakata watu muda wa kula.

Weka ubao karibu na laini, uandikwe kila saa: lengo, kilichopatikana, sababu ya tofauti. Aandike opereta wa mwisho wa laini, si wewe. Na "mashine ilisimama" si sababu. Sababu ni "lebo zilinasa dakika 12, roli mpya ina gundi nyingi." Baada ya wiki mbili, jumlisha dakika kwa kila sababu. Karibu kila mara utakuta sababu mbili au tatu zimebeba sehemu kubwa ya muda uliopotea, na mara nyingi moja yake inamalizwa na kitu rahisi, kama kuleta lebo mapema kutoka stoo.

Sasa kosa kubwa kuliko yote ya supavaiza aliyetoka kwenye uopereta. Mashine ikigoma, anachukua spana. Mikono inamwasha, anajua pa kugusa, na kwa kweli ataitengeneza haraka kuliko fundi. Lakini akiwa amelala chini ya mashine, watu wengine 14 hawana macho juu yao, ubao hauandikwi, na opereta mwenyewe hajifunzi. Baada ya mwezi kila mtu anasimama pembeni kumsubiri yeye. Kubalianeni mipaka: dakika 10 opereta ajaribu, zikipita aitwe fundi wa zamu, zikifika 30 meneja ajulishwe kwa simu hata kama ni usiku wa manane. Wewe simama nyuma ya opereta uulize: "Unadhani ni nini? Umeangalia wapi?" Inauma mwanzoni. Vumilia.

Dakika 15 za mwisho ni za kupanga. Hospitali za Tanzania zimezitumia S tano kutoka Japani kwa Kiswahili safi: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Kiwandani ni zilezile. Ondoa kisichohitajika, kila kifaa kwenye alama yake, futa, iwe hivyohivyo kwa kila zamu, na usiache. Spana yenye mchoro wake ukutani, ikikosekana inajulikana kabla mtu hajaenda nyumbani.

Rosta na sheria

Hapa supavaiza huvunja sheria bila kujua, kisha lawama humwangukia yeye. Wiki ya kawaida ina mipaka mitatu, na hakuna unaoruhusiwa kuvukwa: saa 45 kwa wiki, siku sita, na saa tisa kwa siku. Ovataimu ni kwa makubaliano, isizidi saa 50 katika wiki nne. Chukua mtindo wa zamu mbili za saa 12: ukitoa saa moja ya chakula ni saa 11 za kazi, mara siku sita ni 66. Toa 45, zimebaki 21 kwa wiki, 84 kwa wiki nne. Imepita mpaka kwa saa 34. Mwajiri akitaka siku ndefu, sheria ina njia ya makubaliano ya maandishi, ambayo hayaruhusu zaidi ya siku tano kwa wiki.

Kati ya kutoka na kurudi kazini kunatakiwa saa 12 za mapumziko. Aliyetoka saa 4 usiku usimwite saa 12 asubuhi. Ni saa nane tu, na ukiondoa daladala na kuoga anabaki na usingizi wa saa nne. Ukihamisha watu kutoka zamu moja kwenda nyingine, pitisha siku ya mapumziko katikati.

Usiku kisheria unaanza saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na kila saa ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Angalia: zamu ya mchana inayoisha saa 4 usiku ina saa mbili za usiku ndani yake. Karatasi nyingi za mahudhurio hazizioni. Zionyeshe wewe, utakuwa umefanya kitu ambacho watu wako hawatakisahau. Mjamzito asipangwe usiku miezi miwili kabla ya tarehe ya kujifungua, au mapema zaidi akiwa na cheti cha daktari. Na anayenyonyesha ana haki ya hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto wakati wa kazi. Liandike hilo kwenye rosta yenyewe ili zamu nyingine isimpigie simu.

Kufundisha na kuonya

Mwaka 1940, Marekani ikijiandaa kwa vita na viwanda vikijaa watu wasiowahi kushika mashine, ulianzishwa mpango ulioitwa Training Within Industry, ambao baadaye ulipelekwa Japani. Njia yake ya kumfundisha mtu kazi ina hatua nne, na sijaona iliyo bora zaidi kwa sakafu ya kiwanda. Mtayarishe mtu: muulize anajua nini tayari, mweke upande utakaomwezesha kuona mikono yako. Mwonyeshe, hatua kwa hatua, ukisema kila hatua, pointi yake muhimu na sababu ya pointi hiyo. Mwache ajaribu, kisha arudie huku akikueleza wewe. Mwisho mwache peke yake, ukirudi kumwangalia mara nyingi mwanzoni, kisha mara chache.

Kinachorukwa ni hatua ya tatu. Kubadilisha roli ya lebo ni dakika nne. Supavaiza anaonyesha mara moja, anauliza "umeelewa?" naye kijana anasema ndiyo, maana nani atasema hapana mbele ya wenzake? Siku ya pili roli imefungwa kinyume, lebo 800 zimepotea. Mwache afanye mara tatu mbele yako akiongea: "Nafungua breki kwanza, kwa sababu nisipofungua filamu ya lebo itachanika." Akikosa kusema sababu, hajajua bado. Dakika 20 hizo ni nafuu kuliko lebo.

Kuonya kunahitaji ukweli wenye tarehe. "Wewe ni mvivu" haijibiki. "Jumanne umefika saa 12 na dakika 25, leo saa 12 na dakika 40, na laini imeanza na mtu mmoja pungufu" inajibika. Pembeni, siku hiyohiyo, kisha nyamaza usikilize. Mara nyingi kuna mtoto mgonjwa au nyumba imehamia mbali, na suluhisho ni kubadilishana zamu. Andika mlichokubaliana. Kosa likijirudia linakwenda ofisi ya rasilimali watu, na hapo mikono yako iwe mbali na hukumu. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, Tangazo la Serikali Na. 42, zinataka mfanyakazi apewe muda wa kujiandaa kwa kikao cha nidhamu, kwa kawaida usiopungua saa 48, aweze kuja na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake, na mwenyekiti awe mtu wa menejimenti ambaye hakuhusika na tukio. Wewe ni shahidi. Supavaiza anayemwambia mtu "usije kesho" akiwa na hasira amempa yule mtu kesi. Akiachishwa hivyo ana siku 30 za kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kitu cha kwanza kitakachoombwa huko ni karatasi. Kwa wengi wa viwandani chama ni TUICO. Mjue mwakilishi wao wa tawi kabla ya ugomvi, si baada.

Ngazi inayofuata

Mali bila daftari huisha bila habari, na sifa nayo ni mali. Nunua daftari gumu la kurasa 200, lako mwenyewe. Kila zamu mistari mitano: katoni zilizotoka, dakika zilizopotea na sababu, bidhaa mbovu, waliokosekana, na kitu kimoja ulichobadilisha. Usiandike siri za kiwanda wala umbea wa watu. Baada ya miezi sita una kurasa ambazo hakuna meneja anaweza kuzibishia.

Unapoomba kupanda, usipeleke miaka uliyokaa. Miaka ni ya kila mtu. Peleka ukurasa mmoja: mwanzo dakika zilizopotea kwa zamu zilikuwa kiasi fulani, sasa ni kiasi fulani, na tulifanya hiki, waliokuwa na 2 kwenye jedwali la ujuzi walikuwa wangapi, sasa wangapi, ajali ngapi. Tumia "tulifanya" panapostahili, na wataje waliofanya. Upeleke kabla bajeti ya mwaka haijafungwa, maana baada ya hapo hata meneja anayekupenda hana pesa ya kukupa.

Kizuizi ambacho wengi hawakioni ni kwamba hawana wa kumwachia. Meneja hawezi kukuhamisha ikiwa zamu itaanguka siku utakayoondoka. Wanaoficha ujuzi ili wasiguswe hufanikiwa kweli: hawaguswi, hata kwenda juu. Andaa watu wawili. Mmoja aendeshe kikao cha asubuhi kila Jumatano, mwingine apokee makabidhiano wiki moja kwa mwezi, wewe ukiwa pembeni bila kumkatiza.

Vyeti navyo vina nafasi yake. Aliyejifunzia kazini bila cheti aulize VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kuhusu urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: unapimwa kwa kile unachokiweza kwa mikono, unapewa cheti. Jifunze pia Excel kiasi cha kujumlisha, kupanga na kuchora grafu ya mstari, na kuandika ripoti ya mistari kumi ambayo meneja anaweza kuituma kwa mkurugenzi bila kuigusa. Ripoti za namna hiyo husafiri, na jina lako husafiri nazo.

Ukiambiwa bado, usiondoke na neno hilo tupu. Uliza kwa heshima: "Bosi, nimepungukiwa nini hasa, na tuangalie tena lini?" Akitaja kitu, kiandike mbele yake pamoja na tarehe. Jioni mtumie kwa ujumbe, ukishukuru na kurudia mlichokubaliana. Tarehe ikifika, rudi na daftari. Akikosa kutaja kitu chochote mara mbili mfululizo, anza kupeleka ule ukurasa wako mmoja kwenye viwanda vingine, ukiwa bado una kazi na zamu yako bado inatoa katoni zake 1,300.